Usimtume mtoto peke yake kwa punda: nenda naye

Leo tunazungumza na wewe uliyeko Karatu, Rhotia, Mbulumbulu, Endabash na Mang'ola, na wewe ndugu mfugaji uliyeko Endulen, Nainokanoka na Olbalbal kule Ngorongoro. Mazungumzo yetu yanamhusu mnyama ambaye kazi yake unaiona kila siku, lakini unapohesabu mifugo yako humtaji. Ukiulizwa una mifugo gani, utajibu: ng'ombe watano, mbuzi kumi, kondoo wanane. Punda utamkumbuka mwisho, au hutamkumbuka kabisa. Na hali ndiye aliyeleta maji ya uji wa asubuhi hii.

Basi, leo tutaingia bandani kwa punda. Tutaona kazi ndogo ndogo zinazotakiwa kufanywa humo kila siku, na tutaona kwa nini kazi hizo yafaa zifanywe na watu wawili kwa pamoja, yaani mzazi na mtoto wake.

KWA NINI PUNDA, NA SI FARASI

Katika nchi za baridi kama Uingereza, mzazi na mtoto huonekana asubuhi wakisafisha banda la farasi. Kwetu farasi ni wachache sana, na sababu mojawapo kubwa ni maradhi. Uko ugonjwa wa virusi unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huenezwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni na usiku. Farasi asiyechanjwa akiupata, mara nyingi hufa. Punda wetu na punda milia huweza kuwa na virusi hivyo wasiugue sana. Hii ndiyo faida ya mnyama aliye kwao. Wataalamu wanaochunguza nasaba za wanyama wanasema punda alianza kufugwa katika pembe hii ya Afrika miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Kwa hiyo punda ni mwenyeji wetu wa siku nyingi.

Sasa wenyeji huu umetufanya tumzoee vibaya. Kwa kuwa haugui ovyo, tunadhani hahitaji kutunzwa. Kwa kuwa halii anapoumia, tunadhani haumii. Hata methali tumemtungia: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Hebu tuifikirie methali hiyo kwa hesabu ya mkulima. Punda akifa leo, mzigo wa leo umefika. Je, wa kesho utabebwa na nani?

Jibu unalijua. Dumu la maji litarudi mgongoni kwa mama. Mtoto atakosa shule ili asaidie kuchota. Mahindi yatachelewa kutoka shambani, au utakodi mkokoteni wa mtu kwa fedha. Kule ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambako kilimo hakiruhusiwi na unga hununuliwa, ni punda aliyekuwa akiupandisha mlima kuufikisha nyumbani.

KUMPATA MWINGINE SI RAHISI

Ng'ombe huchukua mimba miezi tisa. Punda huchukua miezi kumi na miwili, pengine na zaidi, naye huzaa mtoto mmoja tu. Mtoto huyo hafai kubebeshwa hata mzigo mwepesi kabla hajatimiza miaka mitatu, na mzigo kamili asubiri mpaka miaka minne. Piga hesabu: tangu jike apate mimba mpaka upate punda wa kazi, miaka mitano imekwisha.

Tena katika miaka ya hivi karibuni punda wameanza kutafutwa kwa ajili ya ngozi zao. Huko China ngozi ya punda huchemshwa na kutengenezwa dawa ya kienyeji. Biashara hiyo ilipofika Afrika Mashariki, punda wengi walichinjwa, wengine waliibwa, na bei ilipanda. Mwaka 2022 Tanzania ilisimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mwezi Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, katika mkutano wao wa Addis Ababa, walikubaliana kusimamisha biashara hiyo barani kote kwa muda wa miaka 15. Hatua hizo ni njema, lakini sheria haiingii bandani kwako alfajiri. Anayeingia ni wewe.

Punda akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 25 na zaidi. Akichoshwa na kupuuzwa, hafiki hata nusu ya umri huo. Tofauti hiyo haitokani na dawa za gharama kubwa. Inatokana na kazi za robo saa asubuhi na robo saa jioni.

KAZI YA WATU WAWILI

Katika vijiji vyetu vingi punda ameachiwa watoto na akina mama. Kwa Wamasai, mama ndiye anayemjua punda wake kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa wakulima wa Karatu, mara nyingi utasikia baba akisema, "Wewe, nenda kamfungulie punda." Mtoto anakimbia, anafungua, anamchapa fimbo mbili, wanaondoka kwenda kisimani. Kazi imefanyika, au sivyo?

Haijafanyika yote. Mtoto aliyetumwa peke yake amejifunza kumtoa punda bandani. Hajajifunza kumwangalia. Hajui kuwa kidonda cha kesho huanza leo kama sehemu ya joto chini ya manyoya. Hajui kuwa maji yaliyobaki ndooni ni habari. Na kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha, anaogopa kuinua mguu wa punda, kwa hiyo haunyanyui. Jiwe linakaa ndani ya ukwato wiki nzima.

Mzazi naye akienda peke yake, kazi itafanyika vizuri, lakini siku anaposafiri kwenda mnadani au anapougua, ujuzi wote umelala naye kitandani.

Ndiyo maana tunasema: nendeni wawili. Mzazi ana ujuzi, mtoto ana macho makali na muda wa kuuliza. Hebu tuseme ni mama na mwanawe wa miaka kumi, wako mlangoni mwa banda asubuhi. Mazungumzo yao yafaa yawe hivi:

MAMA: Simama hapo kwanza, mwanangu. Usiingie. Punda anafanya nini?

MTOTO: Amesimama, mama.

MAMA: Masikio yakoje?

MTOTO: Ameyaelekeza kwetu. Lakini mguu mmoja ameupumzisha.

MAMA: Wa mbele au wa nyuma?

MTOTO: Wa nyuma, mama.

MAMA: Basi huo ni usingizi tu. Ungekuwa wa mbele tungesema anaumwa. Jana tulimwachia majani kiasi gani?

MTOTO: Mzigo ule uliojaa mikono yako miwili.

MAMA: Na sasa?

MTOTO: Yamekwisha yote.

MAMA: Vizuri. Sasa muite, halafu tuingie.

Unaona, ndugu mkulima? Hawajagusa kitu, lakini punda amekwisha kupimwa. Mtoto huyo akifanya hivi mwezi mmoja, ataona dalili ya ugonjwa hata kabla yako.

Nasisitiza jambo la chakula kwa sababu moja kubwa. Punda ni mvumilivu, huficha maumivu. Yule anayesimama kichwa chini na kukataa kula ni mgonjwa kweli, wala haidhaniwi kuwa ni uvivu. Punda akikaa bila kula, mwili wake hutoa mafuta uliyoyaweka akiba na kuyamwaga katika damu. Mafuta hayo huharibu ini, na mnyama huweza kufa katika siku chache. Kwa hiyo asiyekula tangu asubuhi mpaka jioni, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Pia angalia kama mwenzake ameondolewa. Punda hushikamana sana na rafiki yake. Ukiuza mmoja, yule anayebaki huweza kugoma kula kwa huzuni. Mkaribishe na mnyama mwingine anayemjua.

RATIBA YA ASUBUHI

Sasa tuingie bandani. Kazi ziko tano, na nazipanga kwa utaratibu ambao mzazi na mtoto wanaweza kuufuata.

Kwanza, maji. Mtoto amwage maji ya jana, asugue ndoo au beseni kwa majani au mchanga, aweke mapya. Punda wa kazi huhitaji lita 10 hadi 25 kwa siku, kutegemea joto na kazi. Lakini punda ni mchaguzi: maji machafu atayaacha hata kama ana kiu. Ndiyo maana wengine hubeba maji kutwa nzima na kurudi na kiu yao. Mnyweshe kabla ya kwenda kazini, mnyweshe kisimani, na mnyweshe tena akirudi.

Pili, kinyesi. Mzazi ashike beleshi, mtoto ashike fagio au reki. Ondoeni kinyesi na majani yote yaliyolowa mkojo, kila siku. Mkojo ukikaa hutoa harufu kali inayochoma macho. Ikikuchoma wewe uliyeingia kwa dakika tano, yeye aliyelala humo usiku kucha amevuta kiasi gani? Tena unyevu hulainisha kwato zikaoza, na uchafu huleta nzi wanaotaga mayai vidondani.

Tatu, kwato. Hii ni kazi ya mzazi kwanza, mtoto akitazama na kushika kamba. Simama ubavuni karibu na bega, ukitazama nyuma. Teremsha mkono taratibu toka begani hadi chini, sema naye, inua mguu. Tumia kijiti kigumu chenye ncha butu. Toa udongo na mawe ukianzia kisigino kuelekea mbele. Katikati ya ukwato kuna sehemu laini yenye umbo la herufi V. Hiyo usiichokonoe kwa nguvu. Ukisikia harufu ya kuoza, au ukiona utando mweusi wenye majimaji, ujue banda lina unyevu. Kwato zikirefuka mpaka zikakunjika kama kiatu cha zamani, punda anatembea kwa maumivu. Mwombe mtaalamu azikate na kuzisawazisha, kila baada ya wiki sita hadi kumi hivi.

Nne, mgongo na kifua. Hapa mtoto ni hodari. Mwambie apitishe kiganja polepole juu ya mabega, uti wa mgongo, mbavu, chini ya mkia na mahali mshipi unapopita. Anatafuta vitu vitatu: joto, uvimbe na manyoya yaliyokatika. Punda akishtuka au kukunja ngozi anapoguswa, hapo ndipo kidonda kinapoanza. Angalieni pia kupe, hasa masikioni na chini ya mkia.

Tano, vifaa. Kabla ya kumfunga sogi au mkanda wa mkokoteni, mtoto augeuze upande wa ndani na kuupapasa. Jasho lililokauka, mwiba, fundo la kamba, vyote hivyo ni kisu. Kikauke, kifutwe, ndipo kivalishwe.

MZIGO NA VIDONDA

Punda wetu aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 120 hadi 160 hivi. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake. Mfundishe mtoto hesabu hii kwa madumu. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Madumu mawili ni kilo 40, huo ni mzigo halali. Madumu manne ni kilo 80, na huko ni kumvunja. Gunia la mahindi la kilo 100 ligawanye. Mizigo ya kushoto na kulia iwe na uzito sawa, kwa sababu mzigo ukiegemea upande mmoja huteleza na kusugua ngozi mwendo mzima.

Uti wa mgongo usibebe kitu. Shona mito miwili ya magunia iliyojazwa majani makavu, mmoja kila upande, na katikati uache mfereji mahali pa uti. Kamba ya nailoni usiifunge juu ya ngozi moja kwa moja, inakata. Tumia mkanda mpana wa kitambaa cha pamba, ngozi au mpira uliofunikwa kwa blanketi kuukuu. Kwenye mkokoteni punda huvuta uzito mwingi kuliko awezao kubeba, lakini sharti magurudumu yazunguke vizuri na mzigo usiegemee shingoni mwake. Katika miinuko ya Karatu na makorongo yake mekundu, punguza mzigo, na wakati wa kuteremka mtu ashike breki au azuie mkokoteni kwa nyuma.

Kidonda kikishatokea, tiba ya kwanza ni kupumzika. Usimvalishe sogi juu yake hata kama umeweka kitambaa. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, safisha kidonda mara mbili kwa siku. Usitie oili chafu ya gari, wala maji ya betri, wala jivu la moto. Hivyo vinaunguza nyama nzima na kuongeza kidonda. Kidonda kirefu, chenye usaha au funza, kionwe na mtaalamu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na punda yumo.

CHAKULA: PUNDA HACHEUI

Hili ni jambo ambalo wafugaji wengi wa ng'ombe hulisahau. Ng'ombe hula upesi mchana, kisha usiku hulala akicheua. Chakula kimo tumboni, kazi inaendelea. Punda hana tumbo la namna hiyo. Hacheui. Anahitaji kula kidogo kidogo kwa saa nyingi, usiku na mchana. Sasa ukimfanyisha kazi asubuhi, ukamfunga mchana, na jioni ukamfungia zizini pamoja na ng'ombe bila majani, umemnyima chakula usiku kucha. Ng'ombe ataamka ameshiba. Punda ataamka na njaa, kisha utamtwika madumu.

Dawa yake ni rahisi. Kila jioni mzazi na mtoto wamwekee majani makavu ya kutosha mpaka asubuhi. Punda wa kilo 150 huhitaji kilo tatu hadi nne hivi za chakula kikavu kwa siku, ukijumlisha na anachokula malishoni. Mabua ya mahindi, majani ya ngano na shayiri, makapi ya maharage na ngwara, vyote vinafaa. Baada ya mavuno usiyachome wala kuyaacha yote shambani yanyeshewe. Yaweke darini au juu ya kichanja chini ya paa.

Lakini tahadhari mbili. Moja, usimpe nafaka nyingi kwa mara moja ukidhani unamtuza. Nafaka nyingi humletea maumivu makali ya tumbo na ugonjwa wa kwato. Pili, usimpe kamwe mahindi au mabua yenye ukungu. Baadhi ya ukungu wa mahindi hutoa sumu inayoharibu ubongo wa punda na farasi, na hakuna tiba. Yale mahindi mabovu unayoyatenga baada ya kuchambua, usimtupie punda.

BANDA LENYEWE

Punda asili yake ni nchi kavu. Manyoya yake hayamwagi maji kama ya farasi. Mvua hupenya mpaka ngozini. Mji wa Karatu uko juu ya bahari kwa meta 1,500 hivi, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro unazidi meta 2,200. Baridi na ukungu wa Juni na Julai unaujua. Wairaqw wa zamani walilaza mifugo ndani ya nyumba yao wenyewe, na hawakukosea: walijua baridi ya nyanda zile.

Banda la punda wawili liwe na meta tatu kwa tatu. Paa liwe la bati au nyasi, kuta zizuie upepo upande unakotokea, na upande mwingine uwe wazi hewa ipite. Sakafu iinuliwe kidogo na iwe na mteremko, maji yatoke. Udongo ulioshindiliwa kwa changarawe unatosha, huhitaji saruji. Tandika majani makavu.

Kwa ndugu zetu wa Ngorongoro, jambo la ziada ni fisi na simba. Punda aliyeachwa nje ya boma usiku ni chakula cha fisi. Kila jioni, kabla giza halijaingia, mzazi na mtoto wazunguke ua wa miiba pamoja, wazibe kila tundu, na wahesabu punda. Hesabu hiyo ni kinga pia dhidi ya wezi.

USALAMA WA MTOTO

Tunasema shukrani ya punda ni mateke. Mara nyingi teke ni jibu la mtu aliyemjia kwa nyuma kimya kimya, au aliyegusa kidonda. Mfundishe mwanao haya:

Amjie punda toka upande wa bega, akimwita. Asipite nyuma yake. Asijifunge kamba kiunoni wala asiizungushe mkononi, maana punda akishtuka atamburuta. Asiingie katikati ya jike na mtoto wake mchanga. Na punda aliyebadilika tabia ghafla, anayeuma watu, anayetokwa mate au kushindwa kumeza, asimguse kabisa na wala asimtie mkono kinywani. Huenda ni kichaa cha mbwa, ambacho huwapata punda pia. Mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali akachanjwe bila kungoja dalili.

Tena uko ugonjwa ambao lugha yetu imeupa jina la mnyama huyu: pepopunda. Vijidudu vyake huishi katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, punda akiwa mmojawapo, na huingia kwa njia ya jeraha. Kwa hiyo mtoto asiingie bandani miguu mitupu. Avae viatu au mabuti, afunike jeraha lolote, na akimaliza anawe mikono kwa sabuni. Hakikisha chanjo zake za pepopunda zimekamilika. Punda naye huugua pepopunda kwa urahisi, kwa hiyo misumari na vipande vya waya viokotwe bandani. Hiyo nayo ni kazi nzuri ya macho ya mtoto.

Kazi ziendane na umri. Wa miaka sita ajaze majani, ahesabu, atazame. Wa miaka kumi afagie, asugue ndoo, apapase mgongo mzazi akiwa karibu. Wa miaka kumi na mitatu au minne aweza kuinua mguu na kusafisha kwato baada ya kuonyeshwa mara nyingi. Wasichana na wavulana wajifunze sawasawa. Na kengele ya shule ikikaribia, mtoto aweke fagio chini aende, mzazi amalizie. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi inayodhuru afya yake au masomo yake. Kazi ya bandani ikifanywa na wawili huisha mapema. Ikiachiwa mtoto peke yake ndiyo inayomchelewesha.

MBOLEA USIITUPE

Mwisho, lile rundo mlilolitoa bandani. Kwa kuwa punda hacheui, mbegu nyingi za magugu hupita tumboni mwake zikiwa hai. Ukipeleka kinyesi kibichi shambani umepanda magugu. Changanya na majani, jivu kidogo na udongo, rundika chini ya kivuli, nyunyizia maji, geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Joto la ndani litaua mbegu nyingi. Mtoto achomeke fimbo katikati ya rundo. Akiichomoa na kuihisi ya moto, mbolea inapikika. Ikipoa na kunukia udongo, peleka kwenye mahindi au bustani ya mboga.

Sasa tukumbushane kwa ufupi, ndugu mkulima. Asubuhi: tazama, maji, kinyesi, kwato, mgongo, vifaa. Mchana: mzigo usiozidi theluthi, kivuli, maji, na siku moja ya kupumzika katika wiki. Jike mwenye mimba apumzishwe kazi nzito miezi mitatu ya mwisho, na mingine mitatu baada ya kuzaa. Jioni: majani ya usiku kucha, hesabu, mlango. Kila hatua iwe na mtu mzima na mtoto.

Kesho alfajiri, badala ya kusema "nenda kamfungulie punda," sema "twende." Neno ni moja tu, lakini litakupa punda wa miaka mingi na mtoto atakayejua kumtunza siku wewe utakapokuwa mzee. Ukiona jambo linakushinda, muone Afisa Mifugo wa kata yako mapema, kabla mnyama hajaanguka.